Televisheni kama monita ya kompyuta

Matumizi ya televisheni kama monita ya kompyuta ni hali ya kuunganisha kompyuta na televisheni (pia: runinga) ili televisheni ionyeshe kazi za kompyuta mahali pa monita ya kawaida. Hufanyika nyumbani, ofisini, darasani na katika kumbi za mikutano. Mara nyingi sababu ni kwamba televisheni ipo tayari, au kwamba televisheni yenye skrini kubwa huuzwa kwa bei nafuu kuliko monita ya ukubwa uleule.

Televisheni na monita za leo zinafanana sana kwa ndani, kwani zote mbili zina paneli bapa iliyojaa nukta za rangi ziitwazo pikseli. Tofauti yao kubwa iko katika kazi iliyokusudiwa. Televisheni imeundwa ionyeshe picha zinazotembea kwa watu walioketi mbali, ilhali monita imeundwa ionyeshe maandishi madogo kwa mtu mmoja aliye karibu. Kwa hiyo ukubwa wa skrini peke yake hautoshi kujua kama televisheni itafaa kwa kompyuta. Mambo matatu ndiyo yanayoamua: idadi ya pikseli katika kila inchi, umbali wa macho kutoka kwenye skrini, na kama televisheni inaweza kuzuiwa isiibadilishe picha inayopokea.

## Historia

### Kompyuta za kwanza za nyumbani

Katika miaka ya 1970 monita maalumu zilikuwa ghali, lakini nyumba nyingi za Marekani na Ulaya zilikuwa na televisheni. Mnamo Septemba 1973 gazeti la *Radio-Electronics* la Marekani lilitangaza kifaa kilichobuniwa na Don Lancaster, kilichoitwa TV Typewriter. Kifaa hicho kilimwezesha mtu kuandika kwa kibodi na kuona herufi zake kwenye televisheni ya kawaida, mistari 16 yenye herufi 32 kila mmoja.

Baadaye kompyuta nyingi za nyumbani zilitengenezwa zikitegemea televisheni. Miongoni mwao ni Sinclair ZX80 (1980), ZX81 (1981) na ZX Spectrum (1982) za Uingereza, pamoja na Commodore 64 (1982) ya Marekani. Ndani yake mlikuwa na kifaa kidogo kiitwacho modulata, ambacho kiligeuza picha ya kompyuta kuwa wimbi la redio linalofanana na lile la kituo cha matangazo. Mtumiaji alichomeka waya katika tundu la antena, kisha akatafuta chaneli kama anayetafuta kituo. Kwa ZX Spectrum nchini Uingereza ilikuwa chaneli namba 36.

Televisheni hizo zilikuwa na tyubu ya picha. Katika Kiswahili cha mitaani huitwa televisheni za chogo. Hazikuweza kuonyesha herufi nyingi katika mstari mmoja. Katika mfumo wa PAL, uliotumika pia Afrika Mashariki, mstari mmoja wa picha huchorwa kwa mikrosekunde 64, na kati ya hizo takriban 52 tu ndizo zinazoonekana. Ishara ya picha ilikuwa na upana wa megahezi 5 hivi, kwa hiyo mwanga haukuweza kuwaka na kuzimika haraka kupita kiasi hicho. Herufi 80 zenye nukta 8 kila moja zinahitaji nukta 640 kwa mstari, nazo zingeungana na kuwa ukungu. Ndiyo sababu ZX Spectrum ilionyesha herufi 32 kwa mstari na Commodore 64 ilionyesha 40.

Kazi za ofisi zilihitaji herufi 80. Kompyuta ya IBM PC iliyotoka mwaka 1981 iliweza kuunganishwa na monita maalumu ya rangi moja iliyoonyesha mistari 25 ya herufi 80. Mwaka 1987 IBM ilileta mfumo wa VGA wenye pikseli 640 kwa 480, ambao ulichora mistari ya picha kwa kasi ya takriban mara mbili ya ile ya televisheni. Tangu hapo televisheni ya kawaida haikuweza tena kupokea ishara ya kompyuta bila kifaa cha kugeuzia.

### Hali ya Afrika Mashariki

Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962 na Uganda mwaka 1963. Zanzibar ilianza kurusha matangazo ya televisheni ya rangi mwaka 1973. Tanzania Bara ilikuwa na historia tofauti: mwaka 1974 serikali ilitoa amri iliyozuia kuingiza nchini kompyuta pamoja na televisheni. Vifaa hivyo viwili viliwekwa katika amri moja. Vituo vya kwanza vya televisheni vya Tanzania Bara vilianza kurusha matangazo mwaka 1994. Hivyo kipindi ambacho vijana wa Ulaya walijifunza kuandika programu mbele ya televisheni ya sebuleni kilizipita nyumba nyingi za Tanzania Bara. Kompyuta zilipoenea, zilikuja tayari na monita zake.

### Kukutana tena

Televisheni na kompyuta zilianza kukutana tena baada ya kuja kwa skrini bapa na ishara za dijitali. Mnamo Desemba 2002 kampuni saba, zikiwemo Sony, Philips, Hitachi na Toshiba, zilitoa toleo la kwanza la HDMI, kiunganishi kinachobeba picha na sauti katika kebo moja. Leo tundu la HDMI hupatikana kwenye televisheni, kompyuta na ving'amuzi vingi.

Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, iliyotengenezwa Uingereza kwa ajili ya elimu na kuanza kuuzwa mwaka 2012, ilikuwa na tundu la HDMI pamoja na tundu la AV kwa televisheni za zamani. Mwaka 2020 ilitoka Raspberry Pi 400, ambayo kompyuta yake yote imo ndani ya kibodi. Kwa namna hiyo wazo la miaka ya 1980, yaani kibodi moja na televisheni iliyopo nyumbani, lilirudi.

## Pikseli, ukubwa na umbali

Televisheni mbili zenye ukubwa tofauti zinaweza kuwa na idadi ileile ya pikseli. Skrini ikikua bila kuongezewa pikseli, kila pikseli inakuwa kubwa zaidi, na herufi huonekana zimetengenezwa kwa vijiwe vidogo. Jicho la mtu mwenye uoni wa kawaida huweza kutenganisha nukta zilizoachana kwa pembe ya dakika moja, yaani sehemu ya 60 ya digrii. Kutokana na kipimo hicho inawezekana kukokotoa umbali ambao pikseli huacha kuonekana mojamoja.

| Skrini | Pikseli | Pikseli kwa inchi | Umbali ambao pikseli hazitofautiki |
|---|---|---|---|
| Monita ya inchi 24 | 1920 × 1080 | 92 | mita 0.95 |
| Televisheni ya inchi 32 | 1366 × 768 | 49 | mita 1.8 |
| Televisheni ya inchi 32 | 1920 × 1080 | 69 | mita 1.3 |
| Televisheni ya inchi 43 | 3840 × 2160 (4K) | 102 | mita 0.85 |
| Televisheni ya inchi 55 | 3840 × 2160 (4K) | 80 | mita 1.1 |

Mtu anayefanya kazi mezani huketi kati ya sentimita 50 na mita moja kutoka kwenye skrini. Jedwali linaonyesha kwamba televisheni ya inchi 32 yenye pikseli 1366 × 768, ambayo ni ya bei nafuu na imeenea sana, haifai kwa kazi ya kuandika mezani, ingawa ni kubwa kuliko monita ya inchi 24. Televisheni ya 4K ya inchi 43 inalingana na monita nzuri kwa wingi wa pikseli katika inchi. Hata hivyo upana wake ni takriban sentimita 95, hivyo mtu aliye karibu nayo hulazimika kugeuza shingo ili aone pembe zake.

## Njia za kuunganisha

* HDMI ni njia rahisi na bora kwa vifaa vingi. Kebo moja hubeba picha na sauti. Toleo la 1.4 huonyesha picha za 4K mara 30 tu kwa sekunde, na kishale cha kipanya huonekana kikirukaruka. Toleo la 2.0 la mwaka 2013 huonyesha 4K mara 60 kwa sekunde.
* VGA ni tundu lenye pini 15 lililo katika kompyuta za zamani na baadhi ya televisheni. Hubeba picha tu, kwa hiyo sauti huhitaji waya mwingine. Kwa televisheni za pikseli 1366 × 768 njia hii wakati mwingine hutoa maandishi safi kuliko HDMI, kwa sababu nyingi kati yake hupokea kupitia HDMI picha za 1280 × 720 au 1920 × 1080 pekee, kisha huzinyoosha au kuzibana zitoshe paneli.
* DVI ina ishara ya picha inayopatana na HDMI, na adapta ndogo isiyo na umeme inatosha kuziunganisha. Kwa kawaida sauti haipiti.
* USB-C hutoa picha katika baadhi ya kompyuta za mkononi na simu, lakini si zote. Tundu linaweza kuwa na umbo la USB-C na bado likawa la kuchaji na kuhamisha mafaili tu.
* Waya za AV zenye ncha za njano, nyeupe na nyekundu ndizo zinazopatikana kwenye televisheni za chogo. Kompyuta za sasa hazina matundu hayo.
* Bila waya, kwa mfano kwa Miracast au Chromecast. Njia hii hufaa kwa filamu na picha, lakini kuchelewa kwake husumbua anayeandika au anayetumia kipanya.

Jambo moja huwagharimu wanunuzi wengi. Madukani huuzwa kebo yenye HDMI upande mmoja na ncha tatu za AV au VGA upande wa pili, bila kisanduku chochote katikati. HDMI ni ishara ya dijitali, na AV na VGA ni za analojia; waya mtupu hauwezi kugeuza moja kuwa nyingine. Kinachohitajika ni kigeuzi chenye saketi ya umeme ndani yake, na vingi hupata umeme wa volti 5 kutoka tundu la USB. Hata kikiwepo, picha ya AV katika mfumo wa PAL ina mistari 576 tu inayoonekana. Inatosha kwa filamu, lakini maandishi ya kawaida ya kompyuta hayasomeki.

## Kurekebisha picha

Vifaa vikiunganishwa kwa HDMI, televisheni huipa kompyuta orodha fupi ya uwezo wake iitwayo EDID, na kompyuta huchagua picha ya kutuma. Uchaguzi huo si sahihi daima. Hatua ya kwanza ni kuhakikisha katika mipangilio ya kompyuta kwamba idadi ya pikseli inayotumwa ni ileile ya paneli ya televisheni. Katika Windows, kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na P huleta uchaguzi wa kuonyesha picha kwenye kompyuta pekee, kuirudia kwenye skrini zote mbili, kupanua eneo la kazi, au kutumia televisheni pekee. Ikiwa kompyuta ya mkononi inarudia picha yake kwenye televisheni, televisheni inaweza kulazimishwa kufuata pikseli chache za kompyuta hiyo.

### Kingo zilizokatwa

Mara nyingi sehemu ya chini yenye kitufe cha Anza, au pembe za madirisha, hazionekani. Chanzo ni desturi ya enzi za chogo. Tyubu za picha hazikuwa na kingo zilizo sawa, hivyo televisheni ilikuza picha kidogo ili kingo zenye kasoro zifichwe nyuma ya fremu. Televisheni nyingi za sasa bado hufanya hivyo ingawa hazina sababu hiyo tena. Picha ikikuzwa, kila herufi huchorwa upya katika pikseli zisizo zake na kupata ukungu.

Tiba yake iko katika menyu ya televisheni, sehemu ya ukubwa wa picha. Jina hutofautiana kwa kila mtengenezaji: LG hutumia "Just Scan", Sony hutumia "Full Pixel", na Samsung hutumia "Screen Fit". Kupunguza picha kupitia programu ya kadi ya michoro hurudisha kingo, lakini hakuondoi ukungu, kwa sababu picha hubanwa na kompyuta kisha hukuzwa tena na televisheni.

### Rangi za maandishi

Jicho la binadamu huona tofauti za mwanga vizuri kuliko tofauti za rangi. Kwa hiyo filamu na matangazo hupunguza taarifa za rangi ili kuokoa nafasi. Katika mpango uitwao 4:2:0, pikseli nne za mraba mmoja hutumia rangi moja, ingawa kila moja ina mwanga wake. Katika uso wa mtu au majani ya mti hasara hiyo haionekani. Katika herufi nyekundu juu ya bluu huonekana mara moja, kwani kingo za herufi huchakaa na kuchafuka. Kompyuta inahitaji mpango wa 4:4:4, ambao kila pikseli ina rangi yake. Katika televisheni nyingi za LG na Samsung mpango huo hufunguliwa kwa kubadilisha jina au alama ya tundu la HDMI kuwa "PC".

### Weusi uliopauka

Ishara za televisheni kwa desturi huhesabu mwanga kuanzia 16 hadi 235, na kompyuta huhesabu kuanzia 0 hadi 255. Vifaa hivi visipopatana, nyeusi huonekana kijivu, au sehemu zenye kivuli huzama zote katika giza. Kipimo kimoja kinapaswa kuchaguliwa pande zote mbili.

### Kuchelewa na "uboreshaji" wa picha

Televisheni huichakata picha kabla ya kuionyesha: hunoa kingo, huondoa chembechembe, huongeza rangi na hutunga picha za kati ili mwendo uonekane laini. Kazi hiyo huchukua muda, wakati mwingine zaidi ya milisekunde 100. Mtazamaji wa mpira hatambui, lakini anayesogeza kipanya huona kishale kikimfuata mkono kwa nyuma. Kuchagua hali ya michezo ya kompyuta au hali ya PC huzima sehemu kubwa ya uchakataji huo. Unoaji wa kingo nao upunguzwe, kwa sababu huzizungushia herufi mstari mweupe.

## Matumizi darasani

Shule ambazo hazina projekta mara nyingi hutumia televisheni kuonyesha masomo. Televisheni ina faida kwamba huonekana hata madirisha yakiwa wazi, na haina taa ya kubadilisha. Kikwazo chake ni udogo wa herufi kwa wanafunzi wa nyuma, na hapo 4K haisaidii kitu.

Kwa kukadiria, herufi inayosomeka bila taabu huwa na urefu usiopungua sehemu ya 200 ya umbali wa msomaji. Mwanafunzi aliyeketi mita 8 kutoka kwenye skrini anahitaji herufi za sentimita 4. Picha ya televisheni ya inchi 43 ina urefu wa takriban sentimita 53. Ukiongeza nafasi kati ya mistari, skrini hiyo huchukua mistari 7 au 8 tu. Ukurasa wa kitabu au jedwali refu likionyeshwa zima, wanafunzi wa mbele pekee ndio watakaosoma, na wa nyuma watabaki kunakili kutoka kwa wenzao. Maandalizi yanayofaa ni maneno machache kwa kila ukurasa, kukuza sehemu inayofundishwa, na kusogeza madawati karibu pale inapowezekana. Televisheni ikiwekwa juu ya usawa wa vichwa vya waliokaa mbele, wa nyuma nao huona mistari ya chini.

## Macho, umeme na uimara

Televisheni huletwa kutoka kiwandani ikiwa na mwanga mkali ili ivutie dukani. Kwa mtu aliye karibu, mwanga huo huchosha macho na unafaa kupunguzwa ulingane na mwanga wa chumba. Ushauri unaotolewa sana ni kwamba kila baada ya dakika 20 mtumiaji atazame kitu kilicho umbali wa mita 6 hivi kwa sekunde 20.

Monita ya inchi 24 kwa kawaida hutumia wati 15 hadi 30, na televisheni ya inchi 43 mara nyingi hutumia wati 60 hadi 100. Kiasi kamili husomwa kwenye kibandiko cha nyuma. Tofauti hiyo ni muhimu kwa nyumba na shule zinazotumia umeme wa jua. Aidha, monita hulala na kuamka pamoja na kompyuta, lakini televisheni nyingi huhitaji kuzimwa na kuwashwa kwa rimoti.

Skrini za OLED zinaweza kubaki na alama za kudumu pale ambapo kitu hakisogei kwa muda mrefu, kama upau wa chini wa Windows. Kuuficha upau huo na kuweka mandhari nyeusi hupunguza hatari. Televisheni za chogo nazo zina hatari ya namna nyingine: ndani ya tyubu ya rangi mna umeme wa zaidi ya volti 20,000 unaoweza kubaki hata baada ya plagi kuchomolewa. Kifuniko chake hakipaswi kufunguliwa na mtu asiye fundi.

## Kuchagua

Kwa kuandika na kusoma mezani, monita ndogo yenye pikseli nyingi kwa inchi ni bora kuliko televisheni kubwa yenye pikseli chache. Televisheni ya 4K yenye inchi 40 hadi 43 inaweza kufanya kazi ya monita ikiwa inakubali mpango wa 4:4:4 na picha 60 kwa sekunde. Kwa filamu, mikutano ya video na masomo ya kundi, karibu televisheni yoyote yenye HDMI hufaa. Kabla ya kununua, jaribio rahisi ni kuunganisha kompyuta ya mkononi na televisheni palepale dukani, kufungua ukurasa wa maandishi madogo, kisha kuketi katika umbali uleule utakaotumika. Herufi zisiposomeka hata baada ya kurekebisha ukubwa wa picha, inchi zaidi hazitaziokoa.

## Tazama pia

* Televisheni
* Monita
* Pikseli
* HDMI
* Raspberry Pi